SOMO: KAMBA YA SURUALI IKICHOMOKA



Najua wapo watakaocheka wakiona kichwa cha somo hili. Watasema chama kimeishiwa maneno: juzi mishahara, jana likizo ya uzazi, leo kamba ya suruali. Wacheke tu, halafu wasome. Katika matawi ninayotembelea, kwenye mashamba ya chai ya Tooro na kwenye viwanda vya Jinja, sijapata kufika mahali nikakosa kumwona mtu aliyefunga suruali ya kazi kwa kamba ya mgomba, kwa waya, au kwa uzi wa gunia. Nikimwuliza sababu, jibu ni lile lile: "Kamba ilichomoka nilipofua, na kuirudisha haiwezekani."

Inawezekana. Kwa mtu aliyefundishwa ni kazi ya dakika kumi, na haihitaji fundi wala cherehani. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuchelewa, nikalipa kwa mguu wangu.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpiga dawa ya magugu katika shamba moja la chai. Jina la shamba silitaji, maana si hilo peke yake. Tulipewa suruali ya kitambaa kisichopitisha maji, yenye kamba kiunoni, na buti za mpira. Siku moja niliifua suruali nikaikamua kwa nguvu, kama mtu anayekamua blanketi, na kamba ikabaki mkononi. Nilijaribu kuirudisha kwa kuisukuma kwa kidole. Ikaingia inchi mbili, ikajikunja ikakwama. Nikaitupa. Asubuhi yake nikajifunga kamba ya mgomba nikaenda kazini.

Ndugu zangu wapiga dawa wanajua lile bomba la mgongoni. Likijaa lina lita kumi na sita za maji na dawa. Mkono mmoja unapampu, mkono mwingine unashika mpini wa kunyunyizia. Mwenye bomba mgongoni hana mkono wa tatu. Katikati ya mstari kamba ya mgomba ikakatika, suruali ikaanza kushuka. Ningesimama, lakini nyapara alikuwa nyuma yangu na kazi ilikuwa ya kipande. Nikawa natembea miguu imepanuka kama bata. Miguu ya suruali, ambayo inatakiwa kufunika buti kwa nje ili dawa iteleze ianguke chini, ikajikunjakunja ikaingia ndani ya buti. Majani yalikuwa na umande na dawa, suruali ikanywa yote na kuyamimina ndani ya buti kama mfereji. Jioni ngozi ya kifundo cha mguu ilikuwa nyekundu. Siku ya tatu ikabambuka.

Nilipokwenda stoo kuomba kamba, karani alinijibu kwamba kamba haiagizwi peke yake, inaagizwa suruali nzima, na nikitaka suruali nzima nitakatwa kwenye mshahara. Nikarudi kambini kimya.

Aliyenifundisha ni mama mmoja mchuma chai, mtu wa West Nile, ambaye kambi nzima tulimwita Mama tu. Sisi pale tulikuwa Watoro, Wakiga, Walugbara, Wanyarwanda na Wakongo, na Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kuombana chumvi. Aliniona nimekaa mlangoni na suruali mapajani, nimechukua ncha ya kamba nataka kuilowesha kwa ulimi ili iwe nyembamba. Akanipiga kofi la mkono, kamba ikaanguka.

"Mwanangu, hiyo si suruali ya dawa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na unaitia mdomoni?"

Basi hilo ndilo fundisho la kwanza, na nitalirudia kabla ya kufika kwenye pini na sindano. Nguo ya mpiga dawa usiishike kabla haijafuliwa. Ifuliwe peke yake, si pamoja na nepi za mtoto wala shuka, na maji yake yasimwagwe mtoni wala kisimani. Kamba nayo ifuliwe. Hata ikiwa imefuliwa, usiilambe na usiishike kwa meno. Watu wazima wengi tuna mazoea ya kulamba ncha ya uzi, tuliyapata kwa mama zetu wakitunga sindano. Uzi wa nguo ya dawa ni kitu kingine.

KABLA YA KUANZA

Twende sasa kwenye kazi yenyewe. Ile njia ya kitambaa inayopitisha kamba nitaiita upindo. Ni kitambaa kilichokunjwa na kushonwa kuzunguka kiuno, kikaachwa wazi ndani kama mfereji. Kwa mbele kuna matundu mawili, au tundu moja pana, ambapo ncha za kamba hutokea. Suruali nyingi za kazi zimeshonwa hivyo, na si jambo geni. Neno lenyewe suruali tumelipata kwa Waarabu, na ile nguo pana ya zamani iliyoitwa hivyo ilikuwa ya kufungwa kwa kamba kiunoni.

Geuza suruali ndani nje uitandaze juu ya meza au juu ya gunia safi. Papasa upindo wote kwa vidole viwili, mwanzo hadi mwisho. Unatafuta mambo matatu. Kwanza, manyoya ya kitambaa yaliyojikusanya na kuwa kama donge. Yatoe kwa waya uliokunjwa ncha. Pili, mahali ambapo mshono wa upindo umefumuka, kwa sababu pini ikifika hapo itatokea nje na utadhani umefika mwisho. Pashone kwanza. Tatu, mahali ambapo mishono ya ubavuni na ya nyuma inapita ndani ya upindo. Hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo weka alama ya chaki au ya mkaa ujue pako wapi.

Halafu pima kamba. Kosa linalofanywa sana ni kupima kamba kwenye kiuno cha mtu. Pima kiuno cha suruali chenyewe, kikiwa kimetandazwa chote bila kukunjamana. Juu ya kipimo hicho ongeza shibiri mbili za kufungia. Kama kiuno cha suruali ni sentimita 90, kamba ya sentimita 130 au 135 inatosha. Kamba fupi itamezwa tena ukivua suruali. Kamba ndefu inaning'inia, na kuning'inia nitakueleza mbele hatari yake.

Na kamba iwe kamba. Katani inakwaruza ngozi na inakula kitambaa. Kamba ya mgomba ikikauka inakatika, nimekwisha kuwaambia iliyonipata. Uzi uliofungia mfuko wa mbolea au wa dawa usiuguse kabisa, hata kama unaonekana safi na wenye nguvu. Huo umekaa na dawa, na wewe unataka kuufunga kwenye tumbo lako. Kamba ya kiatu ndefu ni nzuri. Utepe wa pamba uliosokotwa, ule wanaouza mafundi cherehani kwa mita, ni bora zaidi kwa sababu hautelezi na fundo lake halifunguki.

KUPITISHA

Chukua pini ya kufungia nepi, ile inayojifunga yenyewe kichwani. Isiwe ndogo. Wengi huchagua pini ndogo wakifikiri itapita upesi, kumbe pini ndogo hujigeuza ndani ya upindo, hurudi ilikotoka, na kwa kitambaa kizito huwezi kuisikia kwa vidole. Iwe nyembamba kidogo tu kuliko upindo, ili iweze kwenda mbele lakini isiweze kugeuka. Itoboe kamba mara mbili, upana wa kidole kutoka ncha, kisha ifunge na uhakikishe imefungika. Ikifunguka ndani utaijua kwa damu.

Sasa, kabla ya kuingiza chochote, ishike ile ncha ya pili ya kamba, ile ya mkia. Ifunge kwenye kijiti, kwenye kifungo kikubwa, au ipige fundo nene kuliko tundu. Ukisahau hili, utasukuma pini kwa dakika kumi ukizunguka kiuno chote, utafurahi kuiona inatokea, utaivuta, na mkia utakuwa umeingia ndani. Mimi nilifanya hivyo mara mbili siku ile ile, Mama akinitazama bila kusema neno. Mara ya tatu ndipo akanipa kijiti.

Ingiza pini katika tundu moja. Usiisukume kama mtu anayesukuma mkokoteni. Mwendo wake ni wa kiwavi. Mkono wa kulia unaishika pini juu ya kitambaa. Mkono wa kushoto unakusanya kitambaa cha mbele na kukivisha juu ya pini, kikijikunja mikunjo. Halafu mkono wa kushoto unaishika pini, na wa kulia unavuta mikunjo ile kuirudisha nyuma. Pini imesogea inchi mbili. Rudia. Kusema kweli pini haiendi. Kitambaa ndicho kinachoijia pini. Ukilielewa hilo mikono yako haitachoka.

Ukifika kwenye alama yako ya mkaa, pini itagoma. Ndani pale kuna ukingo wa kitambaa uliosimama kama kizingiti. Usitumie nguvu, utatoboa. Rudisha pini nyuma kidogo, lainisha mshono kwa ukucha kutoka nje ili kizingiti kilale, inua kichwa cha pini kielekee upande usio na ukingo, kisha jaribu tena. Ikikataa mara tatu, toa yote uanzie tundu la upande wa pili. Kizingiti kikiwa kimelalia upande mmoja, pini inayokuja kutoka upande wa pili mara nyingi hupita juu yake bila taabu.

Ikitokea tundu la pili, usiivue pini bado. Vuta kamba polepole mpaka kijiti cha mkia kikaribie tundu lake, kisha nyoosha kiuno kwa mikono miwili mpaka mikunjo yote iishe. Linganisha ncha mbili. Sasa ndiyo ufungue pini.

KAMA HUNA PINI

Pini ya nepi haikosekani kambini palipo na watoto, lakini wanaume wa bweni hunilalamikia kwamba hawana. Mna kalamu. Toa mrija wa wino, ingiza ncha ya kamba katika lile ganda la plastiki kutoka nyuma, ibane kwa kijiti isitoke, na ganda hilo sasa ni pini yako, tena halichomi. Sindano ya kushonea magunia pia inafaa, lakini itangulize upande wa tundu, si upande wa ncha kali. Ncha kali inanasa kila uzi inaokutana nao. Waya mwembamba uliokunjwa katikati unafaa, ule mkunjo ukitangulia. Wahindi wanaovaa shalwari wana kijiti chao maalumu chenye tundu kwa kazi hii hii, na yeyote mwenye kisu na kipande cha mwanzi anaweza kuchonga cha kwake. Kichonge kiwe bapa, kilainishe kwa jani la msasa, toboa tundu nyuma. Nina changu kwa miaka mingi sasa, kiko katika mfuko mmoja na mhuri wa tawi.

Kama huna chochote kabisa, ifanye kamba yenyewe iwe ngumu. Chovya ncha yake, urefu wa kidole kizima, katika nta ya mshumaa iliyoyeyuka au katika uji mzito wa muhogo, inyooshe, iache ikauke. Itasimama kama njiti. Kwa nguo nyepesi inatosha.

Kuna hali mbili ambazo hazihitaji kuanza upya. Ya kwanza ni pale ambapo ncha moja tu imemezwa na nyingine ingali nje. Watu huichomoa yote kwa hasira. Usiichomoe! Papasa uipate ncha ilipo ndani, ishike juu ya kitambaa, na kusanya kitambaa kilicho kati yake na tundu mpaka tundu liifikie ncha. Kisha inase kwa waya wenye mkunjo uivute. Ya pili ni pale ambapo kamba ingali ndani lakini imezeeka na unataka kuweka mpya. Shona ncha ya kamba mpya kwenye ncha ya ile ya zamani, ncha kwa ncha, nyuzi nne au tano tu, usipige fundo maana fundo litakwama kwenye mshono. Vuta ya zamani polepole. Itatoka ikiiongoza mpya. Laiti ningejua hilo mapema.

ISITOKE TENA

Kamba hutoka kwa sababu haikuzuiliwa popote. Kwa suruali ya kawaida ya kitambaa, dawa yake ni moja: tafuta katikati ya nyuma, pale pa uti wa mgongo, na ushone kukatiza upindo pamoja na kamba iliyo ndani yake, ukienda na kurudi mara tano au sita mahali pale pale. Uzi uwe imara. Hapo kamba itavutika kushoto na kulia lakini haitachomoka, hata mkamuaji akiwa na nguvu za ng'ombe. Kabla ya kufua, funga ncha mbili pamoja.

Ncha zenyewe zizuie zisifumuke. Ya nailoni ichome kidogo kwa kiberiti mpaka iyeyuke na kujifunga, ukiwa nje, mbali na stoo ya dawa na petroli, na suruali ikiwa mezani, si mwilini mwako. Ya pamba ifunge kwa uzi, mizunguko kumi.

Lakini suruali ya mpiga dawa, ile isiyopitisha maji, usiishone. Kila tundu la sindano ni mlango wa dawa. Hiyo weka kifungo kikubwa au fundo katika kila ncha, basi. Na kama suruali hiyo imechanika mahali popote, somo hili halikuhusu: hiyo haitiwi kiraka cha uzi, inarudishwa stoo na kudaiwa nyingine. Kurudisha kamba ni kazi tunayoweza kuifanya wenyewe. Kuvaa suruali ya dawa yenye tundu eti kwa kuwa tunajua kushona, huko ni kumfanyia mwajiri hesabu zake kwa ngozi yetu.

WENZETU WA MASHINE

Sasa nawageukia wa viwandani, na hapa naomba msiniharakishe, maana niliyoyasema hapo juu yanaweza kumwua mtu yakifuatwa bila akili.

Nimesema kamba iwe imara, ishonwe isichomoke, ncha zipigwe fundo. Kwa mtu wa shambani hayo ni mema. Mtu anayesimama karibu na ekseli inayozunguka, ukanda wa kubebea, au zile roli za kiwanda cha chai zinazosaga majani, anahitaji kinyume chake. Ekseli inayozunguka haihitaji kushika kitambaa. Inatosha kushika uzi. Kamba ikiigusa inajizungusha, na kila mzunguko unamvuta mwenye kamba karibu. Kamba dhaifu ingekatika. Kamba imara iliyoshonwa mgongoni haikatiki, na fundo la mwisho ndilo linalonasa penye mwanya.

Wenzetu wanaoshona nguo za watoto za kupeleka ng'ambo wanalijua jambo hili, ingawa wengi hawakuelezwa sababu. Wanaambiwa tu na msimamizi kwamba kofia ya jaketi haina kamba, na kamba ya kiuno ipimwe. Sababu ni vifo. Watoto walikuwa wakinaswa kamba za kofia kwenye ngazi za kuteleza za michezoni, wakanyongwa; wengine kamba za kiunoni zilibanwa na mlango wa basi, basi likaondoka nao. Mwezi wa Februari 1996 idara ya Marekani inayolinda usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo, mwaka 1997 kikawekwa kiwango, na mwaka 2011 idara hiyo ikatangaza kwamba nguo za juu za watoto zenye kamba za namna hiyo ni bidhaa ya hatari. Ulaya nao wakaweka kiwango chao mwaka 2004. Kiwango cha Marekani kinasema nguo ya juu ya mtoto isiwe na kamba kwenye kofia wala shingoni. Kamba ya kiuno isitokeze nje zaidi ya inchi tatu, yaani sentimita saba na nusu, nguo ikiwa imetandazwa. Ncha zisiwe na fundo wala kishikizo. Na kamba ishonwe katikati isiweze kuvutwa upande mmoja ikawa ndefu.

Kwa hiyo ukinunua jaketi la mtoto la mitumba, ukaona kofia ina upindo lakini haina kamba, usidhani imechomoka ukaanza kutafuta pini. Liache hivyo hivyo.

Tena jiulize. Ikiwa inchi tatu zimehesabiwa kwa ajili ya mtoto anayecheza, kwa nini sisi tunasimama mbele ya mashine na kamba ya inchi kumi inacheza tumboni? Mtu wa mashine avae suruali ya mpira kiunoni au ya vifungo. Kama amepewa ya kamba na hakuna nyingine, kamba aipunguze, asipige fundo ncha zake, aifunge, na ncha zote azichomeke ndani ya suruali, shati likiwa limechomekwa pia. Kamba ya kofia aitoe kabisa. Vivyo hivyo kamba ya kitambulisho shingoni, ambayo makarani wanaipenda sana. Na hayo yote hayaondoi wajibu wa mwajiri kuifunika ile ekseli. Mashine iliyofunikwa vizuri haiulizi umevaa nini.

NANI ALIPE?

Nimeulizwa swali hili katika tawi moja: "Bwana mratibu, tukijifunza kurudisha kamba wenyewe, je, hatumsaidii mwajiri kukwepa?" Swali zuri. Aliyeuliza ni dada wa stoo ya kupimia majani, na nilikaa nalo safari nzima ya kurudi.

Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, katika kifungu cha 21, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Na mwezi wa Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi ambazo nchi zote wanachama zinapaswa kuziheshimu. Suruali ya dawa ni kifaa cha kujikinga. Suruali ya dawa isiyo na kamba si kifaa, ni kitambaa. Basi kamba nayo ni ya mwajiri, na yule karani aliyetaka kunikata mshahara alikosea.

Lakini sheria haikufungi suruali saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo maana nasema yote mawili yaende pamoja: irudishe kamba leo ili usiungue, na leo hiyo hiyo mwambie mjumbe wako aandike katika daftari la tawi tarehe, idara na kilichoharibika. Mtu mmoja aliyechomoka kamba ni kichekesho. Majina ishirini na tatu katika daftari, pamoja na tarehe, meneja hacheki. Tawi moja lilikwenda na daftari la namna hiyo mezani, halikuomba nyongeza yoyote, liliomba kamba na pini ziwekwe stoo kwa mita na kwa paketi, zitolewe bila kukatwa mtu, na atakayekatika kamba akiwa kazini aruhusiwe kusimama bila kupunguziwa kipande. Pini na kamba walipewa siku ile ile. Ile ya kusimama ilichukua miezi saba, na ndiyo iliyokuwa na maana kuliko zote. Kama ningekuwa nayo mimi, mguu wangu ungekuwa na ngozi yake ya kwanza.

KAZI YA KIKUNDI

Viongozi wa vikundi, msilisome somo hili kwa sauti tu halafu mkafunga kikao. Kila mmoja aje na suruali ya kazi iliyofuliwa, kamba imechomolewa. Mkae wawili wawili, anayejua na asiyejua. Akimaliza mmoja, mwenzake aichomoe tena naye arudishe. Wanaume wasiwape wake zao wawafanyie.

Mkimaliza, jadilini haya: Katika idara yenu, ni nani anayevaa kamba karibu na kitu kinachozunguka, na mashine ipi haina kifuniko? Mwaka huu ni wangapi wamekatwa mshahara kwa nguo ya kazi, na kwa kiasi gani? Stoo ikisema "hamna", mnaandika wapi?

Majibu ya swali la pili yaandikwe kwa majina na kiasi, yaletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Pini mtakazoazima kwa kina mama, zirudisheni.